Sifa za Jiwe la Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi. Miaka miwili, miezi minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mama watoto amepiga simu: nisipofika, kaka yake ndiye atakayesimama mahali pangu. Shemeji! Kupe aliyekuja kutusalimia siku mbili, sasa anavaa hata kandambili zangu. Nimemwomba nyapara likizo. Kasema haondoki mtu kabla Mheshimiwa hajaweka jiwe la msingi. Jiwe lenyewe mgongo wangu unalijua. Mara ya nne hii nalifukua huku, nalisukuma kwa toroli, nalisimika kule. Nafuta "Zahanati", naandika "Soko". Jina la Mheshimiwa halifutwi.

Jumanne, 4 Machi

Kelele chumba cha pili! Makundi mawili ya vijana wanamuziki yameungana kutoa albamu ya kumcheka Mheshimiwa. Wa muziki wa panki, nywele zimesimama kama kilemba cha jogoo, wanataka nyimbo za dakika moja, maneno yasikike. Wa muziki mzito wa metali, nywele hadi kiunoni, wanataka dakika nane, maneno yazame kwenye magitaa. Wamegombana mpaka sufuria yangu ikaanguka ukutani. Nikaenda kufoka. Nikaishia kuwasimulia habari za jiwe. Kisha Jogoo, binti anayeongoza panki, akaruka: mzee, hiyo ndiyo albamu yetu! Nikatunga wimbo palepale. Mimi, wa darasa la sita!

Jumatano, 5 Machi

Tumerekodi. Mimi nagonga nyundo. Radi, mwimbaji wa metali, ni mwalimu wa chekechea. Akiongea utadhani anabembeleza. Akiimba utadhani anatapika misumari. Huambulii neno hata moja. Hapo akili ikanichemka. Nyapara anatafuta waimbaji wa kumsifu Mheshimiwa. Nikamwambia ninao. Kaahidi: sherehe ikiisha salama, likizo anasaini.

Jogoo kaniita msaliti. Nikamwambia, mwanangu, unamtukana mtu usoni naye anakupigia makofi, unataka raha gani tena? Kacheka mpaka kakaa chini. Sharti langu moja tu: ndani ya albamu kiwemo kijitabu cha maneno, jina langu juu, herufi kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sherehe ya jiwe, Radi kakoroma dakika nane. Mheshimiwa anatikisa kichwa, anapigapiga mguu. Nyapara ananikonyeza, kalamu mkononi. Ningenyamaza tu! Lakini Mheshimiwa akauliza nani katunga sifa hizi. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikamkabidhi albamu. Akavaa miwani, akafungua kijitabu, akasoma kwenye kipaza sauti ili wananchi nao wafaidi:

Jiwe moja, sherehe nne,
hata choo hatujakiona.
Bwana mkubwa, hamisha tena,
toroli lipo, linakungoja.

Alipofika kwenye toroli ndipo macho yakaustua mdomo. Watu wakashangilia mpaka turubai likapepea. Mama mmoja akaomba arudie kiitikio.

Jumapili, 9 Machi

Nyapara kasaini. Si likizo, barua ya kufukuzwa. Nikamsihi angalau juu aandike "likizo", nipate cha kumwonyesha mama watoto. Kanirushia kofia yangu ya kazi.

Nikapiga simu nyumbani kwa aibu. Mama watoto akasema njoo hivyohivyo, baba wee, mtoto anaolewa na mtu, haolewi na barua. Shemeji akanyakua simu. Eti nisijichoshe na safari, yeye ameshafanya mazoezi ya kutembea kama baba wa bibi harusi.

Mazoezi!

Alhamisi, 13 Machi

Niko stendi. Vijana wote saba ninao, magitaa yako juu ya basi. Watapiga harusini. Nimetunga wimbo mpya, dakika nane, unaitwa "Kupe wa Dada Yake". Radi ataukoroma, shemeji atadhani anasifiwa, atawapungia watu mkono. Hataambulia kitu. Nimeomba jambo moja tu: kabla magitaa hayajaanza nipewe kipaza sauti, niyasome maneno taratibu, watu wasije wakakosa kumjua mtunzi.

Basi linawasha injini. Kesho saa nne asubuhi nipo nyumbani.