Simu Humfuata Mkubwa Wake

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua kompyuta! Ya mezani, nzito. Mwangi, muuza vyombo vya mitumba, aliipata kwa mwenye machimbo ya mawe kule Mwakirunge, aliyefunga kazi. Jumamosi sisi madalali wa machungwa wa soko la Kongowea tunachagua katibu, na ni mimi au Oduor. Katibu ndiye mwenye kugawa malori. Akishinda Oduor, mimi nitaletewa machungwa ya mwisho, yale ya kukamuliwa tu. Watu wangu wametawanyika, Likoni mpaka Changamwe; wasipoambiwa saa na mahali hawaji. Basi majina yote ya simuni yatakaa kwenye kompyuta pia, niwaalike kwa mkupuo mmoja. Mke wangu Kahaso kauliza kwani simu peke yake haiwezi. Hapendi maendeleo.

Jumatano, 11 Juni

Jalila, fundi wa simu hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe, kaunganisha simu na kompyuta kwa waya. Akaitwa na mteja. Kaniagiza nisiguse kitu mpaka arudi. Nikagusa. Kompyuta ikasema majina hayalingani, ikauliza: simu iifuate kompyuta, au kompyuta iifuate simu? Swali gani hilo! Mimi nimelelewa. Hata shikamoo, mdogo ndiye huanza. Nikabonyeza simu iifuate kompyuta. Ikafuata, bila ubishi.

Alhamisi, 12 Juni

Ajabu! Majina yameongezeka, ila siwajui. Mzee Baruti ni nani? Dhahabu wa Tipa? Abdulghani Kokoto? Nikamtafuta shangazi, hayumo. Nikamtafuta Kahaso, mke wangu wa ndoa ya kanisani. Hayumo! Kichwa kinaniuma. Kahaso kasema haya ni majina ya mwenye kompyuta wa kwanza. Hata nguo ya mitumba hufuliwa kabla ya kuvaliwa. Nikamjibu kompyuta haifuliwi. Huenda hawa ni watu wangu, nimewasahau tu. Kiongozi hakumbuki kila mtu. Nikawaandikia wote waje Jumamosi saa nne, banda la Mwarandu, Kongowea, upande wa machungwa, na wasikose.

Jumamosi, 14 Juni

Walikuja. Na matipa! La kwanza likamwaga kokoto mlangoni pa banda kabla sijamaliza kusema karibuni. La pili likamwaga mchanga. Dhahabu ni mama wa miraba minne, na sauti yake inafika Nyali. Kaniambia kwa kazi yao, ukiambiwa njoo na usikose, huendi mikono mitupu. Nikamweleza habari za ukatibu. Akauliza nani atapakia mzigo upya. Watu wangu halisi hakuja hata mmoja, maana hakuna aliyeambiwa. Oduor kashinda. Kapanda juu ya kokoto zangu, kawashukuru wote, na mimi kanitaja kwa kumwandalia jukwaa. Nilikaa nyuma ya makreti nikalia. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona.

Jumatatu, 16 Juni

Lori la kwanza la Oduor limenipita bila kusimama. Jioni Jalila kaja kunifafanulia, pole pole kama anamlisha mtoto uji: kompyuta ingeifuata simu, watu wangu wote wangebaki. Sielewi. Mkubwa amfuate mdogo? Kwao Jalila huko wanaishije? Kahaso kaniingizia namba yake upya. Simu nzima, ndilo jina pekee ninalolijua. Nilimshukuru, na moyo ukanilainika.

Jumanne, 17 Juni

Nimeligundua kosa! Ile kompyuta haikuwa kubwa vya kutosha. Mwangi anayo nyingine, ya ofisi iliyofungwa Changamwe, imebebwa na watu wawili mpaka sebuleni. Nimechomeka waya mwenyewe. Imeuliza swali lilelile. Safari hii hata sikusita.

Nataka kumpigia Kahaso nimpe habari njema. Simwoni.