Bodi ya Wakwe

Jumatatu, 3 Februari

Sheria Mpya ya Shule imefika. Afisa elimu ameileta mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Nene mno. Nimesoma vifungu vinavyotaja mwalimu mkuu, yaani vinavyonihusu. Habari si njema. Shule mbili zinazopakana zitaunganishwa na kuwa moja, chini ya mwalimu mkuu mmoja. Yule wa pili atakuwa msaidizi.

Shule yangu inapakana na shule ya juu. Katikati kuna uzio wa michongoma wenye tundu ambalo watoto hulitumia kuliko lango. Mwalimu mkuu wa shule ya juu ni dada mkubwa wa mke wangu.

Mimi, msaidizi wa shemeji! Mwanamke aliyekagua viti vya harusi yangu kabla wageni hawajakaa. Kila tukikutana kwa mama mkwe huniuliza, mbele ya watu, kama paa la darasa langu la kwanza bado linavuja. Linavuja. Anajua kuwa linavuja.

Mke wangu amesema yeye hana upande. Kisha akacheka. Nimempa kisogo na kulala.

Jumanne, 4 Februari

Nimesoma zaidi. Kumbe mwalimu mkuu wa shule iliyounganishwa hateuliwi na wakubwa. Anapigiwa kura na bodi za shule zote mbili, zikikaa pamoja. Kila bodi ina watu watatu, wazazi au walezi, waliochaguliwa na mkutano wa wazazi. Kamati za zamani zinavunjwa mara moja.

Nimefurahi kuona hilo neno "zinavunjwa". Kamati yangu ya zamani inaongozwa na dereva wa lori. Hajawahi kuhudhuria kikao bila kusimama. Choo cha wasichana kitazibuliwa lini. Paa vipi. Kwa nini fedha za ukarabati zimenunua rangi ya ofisi ya mwalimu mkuu. (Ofisi ilikuwa ya kijivu. Mtu hawezi kuongoza akiwa ndani ya kijivu.) Wenzake wawili ni mama mfua nguo na fundi baiskeli, ambao huitikia kwa kichwa kila anapouliza. Nikiwaachia hao kura yangu, nimekwisha.

Ninahitaji bodi inayonipenda.

Jioni nimebaki na wale wanaosoma kwa kubabaika, kama kawaida. Mtoto wa dereva amemaliza ukurasa mzima bila kukwama. Akanitazama, nikamtazama, tukaanza kucheka. Kwa muda nikasahau sheria yote.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata! Kifungu kinasema asiingie kwenye bodi mume au mke wa mwalimu mkuu wa shule hiyo, wala mzazi wake, wala mtoto wake, wala ndugu yake. Hakijataja wakwe. Waliotunga sheria walikaa huko kwenye viyoyozi vyao wakasahau wakwe.

Mama mkwe wangu anamlea mjukuu aliye darasa la tatu hapa kwangu. Mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, ana mapacha darasa la kwanza. Mjomba wa mke wangu ana kitinda mimba darasa la tano. Bodi kamili! Na hakuna mama mkwe duniani atakayemwaibisha mkwe wake mbele ya watu.

Nimekwenda kwa afisa elimu kuhakikisha. Alisita. Alisema kwake yeye mama mkwe ni kama ndugu. Nikamweleza kwa upole kwamba udugu ni damu, ukwe ni heshima tu. Nikamsomea kifungu mara mbili. Akasema hajawahi kuelezwa sheria vizuri namna hiyo, na akaandika maneno yangu pembeni mwa nakala yake. Nimetoka ofisini kwake kifua mbele.

Jumamosi, 8 Februari

Kwa mama mkwe. Nimekaa kwenye ncha ya kiti, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Sikumaliza hata sentensi ya pili, akawa amekubali. Aliniita mwanangu. Nimeguswa sana. Aliuliza kama mwenyekiti wa bodi hupewa kiti chenye mikono. Nikasema hupewa. Itabidi kiwe changu.

Mjomba amekubali akiwa amesinzia, lakini amekubali. Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Usiku mke wangu akauliza kama dada yake anajua. Nikasema hii ni siri ya kazi. Akaniuliza huyo mama mkwe wangu ni mama wa nani. Nikamjibu ni mama yake yeye, mke wangu, anauliza swali gani hilo. Akasema basi, sawa. Wanawake wakati mwingine hupenda kusikia tu.

Jumatatu, 10 Februari

Mkutano wa wazazi. Nimeuitisha asubuhi, saa ambayo dereva anakuwa barabarani, mfua nguo yuko kwenye nyumba za watu na fundi baiskeli ana foleni ya wateja. Sheria inataka tangazo libandikwe mahali pa wazi. Nimelibandika nyuma ya tangi la maji, ambako ni wazi kabisa kwa mtu atakayefika.

Waliohudhuria ni wachache, wengi wao wa ukoo mmoja. Mama mkwe amepita. Fundi cherehani amepita. Mjomba amepita na kupigiwa makofi, ndipo akaamka.

Tulikuwa tunafunga kikao dereva alipoingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, lori akiliacha linanguruma getini. Nilijiandaa kwa vita. Akawatazama wajumbe wapya, akaniuliza jambo moja tu: wamekwisha ambiwa kuhusu paa la darasa la kwanza? Nikasema wameambiwa. Akasema yeye atakuja tu Jumamosi kuliziba kama alivyoahidi, bodi au si bodi. Akaondoka.

Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Jumatano, 12 Februari

Shemeji amekuja kupitia tundu la uzio, kwa heshima zake zote, akiwa amebeba viatu mkononi. Ametulia mno. Nimemuuliza bodi yake imepatikanaje. Akasema aliitisha mkutano, wazazi wakachagua wanaowataka: nesi wa zahanati, seremala na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye hana undugu na hata mmoja wao.

Nimemhurumia. Nilijizuia nisimpe pole. Mtu amesoma miaka yote hiyo, hajui hata kupanga bodi.

Wakati wa kuondoka ameniuliza habari za paa. Nikamwambia kwamba hivi karibuni kutakuwa na shule moja, na paa litakuwa la mwalimu mkuu wa shule hiyo. Akasema ndiyo, hata yeye amelifikiria hilo.

Nimeanza kuchagua rangi ya ofisi kubwa.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika kabla sijavua viatu.

Kikao cha pamoja kimefanyika darasa la saba. Kwa mujibu wa sheria, anayeongoza ni mwenyekiti wa bodi ya shule yenye watoto wengi zaidi. Yangu. Mama mkwe akakaa kwenye kiti changu chenye mikono, akakipapasa, akasema hapa hakuna kufichana kwa karatasi, watu wanyooshe mikono. Afisa elimu akapekua, akasema sheria haikatazi.

Wanaonitaka mimi wakaanza. Nesi akanyoosha mkono. Seremala akanyoosha. Mwenye duka akanyoosha. Bodi yake Shemeji, yote, upande wangu! Nesi akaeleza kwamba watoto husimuliana pale kwenye tundu la uzio. Mwanawe anasema huku chini mwalimu hukaa na mtoto mpaka aelewe, na kule juu hata kunywa maji ni kwa kengele. Seremala akasema Shemeji amemrudishia madawati kwa tofauti isiyozidi ukucha.

Shemeji alitazama mikono yake. Sijawahi kumuona hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye ukoo ule nilitamani kumtetea.

Hesabu nyepesi. Watatu wake, na watatu wangu. Nilianza kutunga hotuba ya kushukuru.

Wanaomtaka Shemeji, mama mkwe akasema. Fundi cherehani akanyoosha mkono huku akikagua dari. Dada yake huyo ndiye aliyemlipia kujifunza ushonaji. Mjomba naye akanyoosha, macho wazi kabisa, leo hii akaamua kuwa macho. Kisha mama mkwe mwenyewe, taratibu, bila kuutoa mkono mwingine kwenye kiti.

Sare. Kwa sheria, kura ya kuamua ni ya mwenyekiti.

Mama mkwe akasema maneno yafuatayo, na nitayakumbuka. Alisema mkwe wake ni mtu mwema, na hata kikao hiki amekaa vizuri, macho chini. Lakini Shemeji ni wa kumzaa mwenyewe. Akimnyima leo, binti huyo atamnunia mpaka anaingia kaburini, anamjua. Mkwe hawezi kumkasirikia mama mkwe, haijawahi kusikika. Kwa hiyo anampa mwanawe, ili nyumba ibaki na amani.

Afisa elimu akakohoa. Akauliza kama ni halali mama kumpigia kura binti yake. Moyo wangu ukaruka. Akafungua nakala, akasoma: waliokatazwa ni ndugu wa mwalimu mkuu wa shule yenye bodi hiyo. Huyu mama yuko bodi ya shule ya chini. Mwalimu mkuu wa shule ya chini ni mkwe wake tu. Akaangalia alichoandika pembeni, akasema udugu ni damu, ukwe ni heshima. Akanishukuru mbele ya watu wote kwa ufafanuzi.

Nilitaka kupinga. Maneno yalikuwa mdomoni. Mama mkwe akanigeukia. Nikatazama sakafu, nikasema sawa, Mama.

Ukuu umeota mbawa.

Jumamosi, 15 Februari

Sikuweza kukaa nyumbani. Mke wangu hajanicheka, na hilo ndilo limeniogopesha. Aliniwekea chai, akanishika bega, akasema atazungumza na dada yake anitendee kwa upole. Nikaenda shuleni nikijua ni siku isiyo na watu.

Dereva alikuwa juu ya paa. Nikamshikia ngazi. Tulifanya kazi muda mrefu, mimi nikipokea mabati yaliyooza. Halafu akaniambia pole, amesikia. Akaniambia pia kwamba yeye, mama mfua nguo na fundi baiskeli walikuwa wamekwisha kubaliana tangu siku sheria ilipofika. Wangenipigia kura mimi, wote watatu, bila kujadili.

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza kwa nini basi hunisumbua kila kikao. Akashangaa. Akasema ananiuliza kwa sababu mimi humjibu. Shule aliyosoma mwanawe mkubwa, mzazi akiuliza alionyeshwa geti. Huyu mdogo sasa humsomea vibao vya barabarani wakiwa kwenye lori, na aliyemfundisha ni mimi.

Watatu wake, na watatu wa Shemeji. Wote wangekuwa wangu. Ningeshinda bila kufanya lolote.

Alipoondoka nikabaki darasa la kwanza, kwenye kidawati ambacho magoti hayaenei. Nimelia kidogo. Itakuwa ni vumbi la paa.

Jumatatu, 24 Februari

Siku yangu ya kwanza kama msaidizi. Nikiri: Shemeji ameanza vizuri. Ofisi yangu ameniachia, na rangi yake. Kipindi changu cha wanaobabaika amekiingiza kwenye ratiba rasmi, kwa shule nzima, na watoto wa juu nao wamekuja. Darasa lilijaa mpaka dirishani. Ameng'oa uzio. Kengele ya maji ameiacha, lakini sasa inalia kwa upole.

Kuna nafasi kwenye bodi. Mjomba amejiuzulu, anasema vikao vinamkatisha usingizi. Dereva amepeleka jina lake. Karibu kila mzazi anamuunga mkono, na alinipitia ofisini kunieleza kwamba akiingia, jambo lake la kwanza ni kuuliza kwa nini nilinyang'anywa ukuu kwa kura ya namna ile.

Hapo nikashtuka. Huyu ni mtu wa maswali! Akiingia kwenye bodi nitapumua wapi?

Nimefikiri siku kadhaa na kosa langu nimeliona wazi. Nilichukua ndugu wa upande wa mke. Watu wa upande ule wana masilahi yao. Nilipaswa kuchukua wa upande wangu. Sheria ilinizuia, kwa kuwa inakataza mzazi wa mwalimu mkuu. Lakini mimi si mwalimu mkuu tena! Ni msaidizi, na wasaidizi hawajatajwa popote. Waliotunga sheria wamejisahau tena. Mpwa wangu tunamhamishia hapa wiki hii, mama yangu mzazi akiwa mlezi wake. Mama yangu wa kunizaa, kwenye bodi! Tangazo la uchaguzi nimekwisha lipatia mahali, nyuma ya stoo ya fagio.

Nimempigia simu Mama mchana. Amefurahi kuliko nilivyotegemea. Kabla hatujamaliza kupanga akaniomba nimpe huyo mwalimu mkuu mpya amsalimie, maana tangu siku ya harusi, alipomuona akikagua vile viti, amekuwa akisema laiti angekuwa na mtoto mwenye akili kama yule.

Nimempelekea Shemeji simu ofisini kwake. Ni saa nzima sasa wanaongea. Ninawasikia kupitia ukuta, wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Dalili njema sana. Mama ameanza kampeni.