Usukani wa Nyar Nam

Jumatatu, 4 Agosti

Basi limewaka! Limezima.

Limewaka tena. Limezima tena. Ndivyo siku nzima. Linanguruma vizuri, linatupa moshi mweusi juu ya nguo za Benta zilizoanikwa, tunaanza kupongezana, halafu linakohoa mara mbili na kunyamaza kama mtu aliyekumbuka jambo.

Niandike wazi ili watakaosoma baada yangu wajue nani alifanya nini. Nyar Nam, binti wa ziwa, ni basi la mwaka 1976, viti sitini na viwili, lililokuwa likitoka Migori kwenda Homa Bay kila alfajiri. Mwenyewe alifariki, likabaki hapa Migori kwenye ua wa mjane wake, Benta, kuku wakitagia viti vya nyuma. Sasa tumelifufua sisi wanne tunaopenda mashine za zamani. Benta, mwenye basi na mwenye neno la mwisho. Mirumbe, fundi kutoka Kegonga, anayeongea na injini kwa Kikuria na haongei sana na watu. Fanuel, mwalimu wa jiografia mstaafu, mzaliwa wa Homa Bay, ambaye mchango wake mkubwa mpaka leo ni glavu nyeupe. Na mimi, Elkanah, muuza vyuma. Kila nati mpya ndani ya basi hili imepitia mikononi mwangu. Taa za mbele nilizifuata Isebania. Kuna mtu alisema asante? Hakuna.

Jumamosi magari ya zamani yanakutana Homa Bay, ufukweni. Nyar Nam lazima lifike kwa magurudumu yake lenyewe, si kwa kuburutwa.

Sasa linaloniuma. Nani ataendesha? Nikiwa na miaka kumi na minane nilikuwa taniboi wa basi hili hili. Nilipakia magunia, niliosha matapishi, nilining'inia mlangoni mpaka sauti ikapotea. Usukani sikuruhusiwa hata kuupangusa. Dereva aliupangusa mwenyewe, kwa leso yake. Baadaye nikauza misumari kwenye toroli, nikajijenga bila mjomba serikalini, leo nina duka la milango miwili na leseni ya magari makubwa. Leseni ya nini? Ya usukani ule! Fanuel naye ana leseni. Ya kuendeshea ramani, labda.

Benta ameamua. Kwake hakuna jambo jipya linalotoka bomani bila mkubwa kuanza, kama kupanda. Hata punje ya mahindi haiguswi kabla ya mkubwa. Basi pia litaanzwa na dereva aliye mkubwa kwa umri.

Nilipiga makofi kuliko wote. Ndipo Fanuel akatoa kitambulisho. Amezaliwa 1961.

Mimi 1962. Mwaka mmoja! Mwaka mmoja tu ndio umesimama kati yangu na haki yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefika mapema na hoja. Nimewaeleza kwamba kitambulisho changu kilikosewa. Karani wa siku hizo alikadiria umri kwa kutazama urefu, nami nilikuwa mfupi. Ukweli ni kwamba nilizaliwa 1960.

Fanuel akasema jambo la ajabu, hata chake kilikosewa! Alipunguziwa miaka ili aendane na darasa. Yeye ni wa 1958.

Nikakumbuka kwamba siku nilipozaliwa barabara ya kwenda Kisii ilikuwa njia ya ng'ombe. 1957. Fanuel akakumbuka nzige. 1955. Nikasema nzige hao hao niliwafukuza kwa debe nikiwa na meno yote. 1954. Fanuel akasema debe hilo aliniazima yeye. 1953.

Mirumbe aliweka spana chini, akaketi juu ya tairi, akacheka mpaka akafuta macho. Akasema kwao hakuna mnada wa namna hii. Watu wa rika moja wanajuana, ukijiongezea mwaka utaulizwa rika lako liko wapi na mbona limekuacha. Nikamwambia huku si Kegonga, ashike spana.

Nikavuta pumzi. 1951!

Fanuel alimtazama Benta. Benta alimtazama Fanuel. Kisha Fanuel akavua kofia, akanipa mkono kwa mikono miwili. “Nimekubali, jaduong'. Wewe ndiye mkubwa.” Benta naye akaniita jaduong', mzee wetu, na kusema neno limekwisha.

Ushindi! Nina miaka sabini na minne na usukani ni wangu.

Nimepiga hesabu nikiwa njiani. Kwa mwaka huo, mama alinizaa akiwa na miaka kumi. Na nilikuwa taniboi nikikaribia thelathini. Haidhuru. Hakuna mwenzangu hata mmoja anayejua kutoa kwa kukopa, mwalimu akiwemo.

Kwa nini Fanuel alikuwa akitabasamu? Woga.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya fedheha.

Niliingia chini ya basi kukagua bomba la dizeli. Nikashikwa miguu, nikavutwa nje kama mbuzi. Alikuwa Mirumbe. “Jaduong', chini kuna baridi. Utaumwa kiuno.”

Juzi nilibeba betri peke yangu! Leo nimenyang'anywa hata spana ya kumi na saba. Benta amenitolea kiti chenye mikono, akakiweka kwenye kivuli ubavuni mwa basi, akaniletea uji wa wimbi usio na sukari. Kwa umri wangu, amesema, sukari si nzuri.

Nikiwa kitini nimewatazama wakibadilisha filta. Wametoa hewa kwenye mabomba. Wamefungua nozo zote sita zinazorusha dizeli kwenye injini, wamezisafisha, wamezirudisha. Basi limewaka, likanguruma, likakohoa, likazima. Nimewaambia dizeli inafika mwanzo halafu inakatika, kwa hivyo watafute nyuma, si mbele. Wamesema “ndiyo, jaduong'” kwa ile sauti ya kumwitikia mtu anayeota. Halafu Fanuel amenifunga skafu vizuri shingoni. Skafu ni yake.

Nyumbani, balaa lingine. Damaris, mke wangu, alizipata habari sokoni. Nyama yangu aliitoa mfupani na kuikata vipande vidogo vidogo. Kisha akauliza, taratibu kabisa, yule kijana wa miaka ishirini na minne aliyeletwa kwao mwaka 1986 kuposa alikuwa nani, kwa sababu angependa kujua alikokwenda.

Nikamwambia hii ni siasa ya basi.

Akaniambia nilale, mzee, nisije nikaanguka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelipata! Mimi! Nikiwa nimeketi!

Basi lilikuwa linanguruma. Mirumbe ameinama juu ya injini, Fanuel kwenye kiti cha dereva anakanyaga mafuta kwa unyenyekevu wa uongo, Benta ameinua kidole hewani akingoja likohoe. Mimi na uji wangu. Kiti walichoniwekea kiko karibu kabisa na mdomo wa tangi la dizeli. Nikasema walau nichovye kijiti, nijue basi linakunywa kiasi gani. Mtu wa hesabu hakai bure.

Kifuniko kilikataa. Nikakizungusha kwa nguvu. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezama na sasa ameibuka.

Na basi halikuzima.

Nikaelewa pale pale. Nimeuza mafuta ya taa miaka mingapi? Kila aliyewahi kumimina kutoka debe anajua lazima utoboe tundu la pili ili hewa iingie, la sivyo mafuta yanagoma. Kifuniko cha Nyar Nam kina kitundu chake. Nikakigeuza. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani, wameziba kila kitu na kuhama! Injini inavuta dizeli, hewa haiingii, tangi linabana, basi linakata roho.

Nimekichokonoa kwa waya, nikakirudisha, nikakikaza kabisa. Basi likanguruma. Likanguruma mpaka chai. Likanguruma wakati wa chai. Benta alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mirumbe aliikumbatia injini akaungua mkono, akaikumbatia tena. Fanuel alicheza na glavu zake hewani, na lazima niandike ukweli, anacheza vizuri.

Mimi niliruka juu ya kiti. Benta akanikumbusha umri wangu. Nikashuka polepole, nikishika kiuno.

Mirumbe amewaambia majirani kwamba jaduong' aliketi tu na ubovu wenyewe ukamfuata. Amelisema kwa heshima. Nimeliandika hapa lisije likapotea.

Ijumaa, 8 Agosti

Rangi imekauka. Kuku wa mwisho ameondolewa kwa nguvu.

Jioni nimefanya mazoezi ya kona za Rongo jikoni, kwa ungo. Damaris ameomba ungo wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika Homa Bay. Sauti imenikauka. Si umri.

Asubuhi nilivaa suti ya kijivu. Ua wa Benta ulikuwa umejaa watu. Nikapanda. Nikaketi. Nikaushika.

Usukani ule ni mkubwa kama ungo lakini mwembamba, na pale mikono ya dereva ilipozoea kukaa pamelika kidogo. Niliweka yangu palepale. Nikawasha. Nikatia gia ya kwanza. Nyar Nam likatetemeka, likajongea, watu wakashangilia, nikaona langoni barabara yote mpaka ziwani ikinisubiri.

Langoni Benta aliinua mkono. Nikasimama, nikidhani ni maombi.

Akapanda ngazi, akawageukia watu. Akasema jaduong' amefungua. Akasema kama shambani, mkubwa hurusha konzi ya kwanza, kisha huenda kuketi na wengine wakapanda shamba. Akauliza kama kuna mtu amewahi kumwona mkubwa akipanda shamba zima.

Umati wote: “Aaah! Bado!”

Wasaliti. Na Fanuel alikuwa tayari mlangoni, anavuta glavu kidole kimoja kimoja. Ndiyo maana aliniachia! Yeye ni wa pili kwa ukubwa! Nilimwambia sikioni kwamba ni mwizi. Akanijibu, “Omera, ndugu yangu, jiografia ina mengi.”

Nimewahi kuona wizi wa kila aina dukani mwangu, lakini wizi wa kupewa heshima ndio mara ya kwanza. Niliupima kwa hatua umbali niliouendesha kabla hatujaondoka. Mita ishirini na mbili, na tano kati ya hizo ni mteremko. Zingekwenda zenyewe.

Nikawekwa kiti cha mbele, kushoto, blanketi magotini. Nilikusudia kununa mpaka Homa Bay. Awendo matrekta ya miwa yakatupigia honi, nikanuna. Rongo wauza ndizi waliacha ndizi, mama mmoja mtu mzima akakimbia kando ya basi akiligonga ubavu na kuliita kwa jina, “Nyar Nam! Nyar Nam, ulikuwa wapi?” Hapo ikawa vigumu kununa. Injini haikukohoa hata mara moja. Mirumbe alikuwa amefumba macho akiisikiliza, anatabasamu kama mtu kanisani.

Kisha ziwa likatokea, lote kwa mara moja. Benta akaanzisha wimbo, basi zima likaitikia, na mimi sijui ni nini kilinipata. Blanketi lilianguka. Nikajikuta mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja hewani, mkono kwenye chuma kile kile cha zamani, nikipiga ubavu wa basi na kupiga kelele: “Homa Bay wawili! Homa Bay wawili! Ingia twende!”

Watu wawili waliingia kweli.

Benta alipaza sauti kwamba jaduong' arudi ndani mara moja. Sikurudi. Niliingia Homa Bay nikining'inia, na umati ulishangilia mlango kuliko dereva. Mlango! Nilimwona Fanuel kwenye kioo. Aliona.

Wenye magari mengine walikuja kunishika mkono na kuuliza kuhusu nyigu. Nimeeleza mara nyingi. Kila mara nyigu wanakuwa wengi zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa, kisha samaki. Tunarudi Migori jioni hii.

Wakati wa samaki Benta ametangaza utaratibu. Kwa kuwa giza litatukuta njiani, wa kurudisha basi ni dereva aliye mdogo kuliko wote, mwenye macho mapya. Nimejifunza kusikiliza. Nimemuuliza, safari nzima au mpaka langoni? Safari nzima, mpaka uani kwake. Nimemuuliza tena mbele ya mashahidi. Safari nzima!

Mkono ukaenda mfukoni. Kitambulisho. 1962! Fanuel ni 1961. Ukweli mtupu unatosha kunipa usukani, na yule karani wa zamani, Mungu ambariki, hakukosea hata siku moja.

Lakini nilipoinua kichwa, Fanuel alikuwa tayari anamweleza Benta kwamba mwalimu wake alimwongezea miaka ili aendane na darasa. Amezaliwa 1965, anasema.

Sawa. Kama ni hivyo, ni hivyo. Nimeomba kalamu na nafasi ya kutulia. Mirumbe naye ana leseni, na ana miaka arobaini na mitatu, yaani wa 1982, lakini hajasema neno. Anapangusa kioo cha mbele tu na kuomba funguo. Kwa hivyo hesabu ni rahisi. Naanza na 1983. Wakiuliza kuhusu mvi, ni vumbi la Rongo.