Muhuri wa Ghorofa la Ngokolo

Jumatatu, 5 Machi 1984
Choo kimejaa. Ghorofa letu la ushirika hapa Ngokolo linanuka lote, na wenye fleti wanapita wameziba pua kana kwamba uchafu ni wa katibu peke yake! Mchango wa choo miezi saba hawajatoa. Mwenyekiti, Mama Mageni, kaniambia mbele ya watu: Jumapili pesa ziwepo, la sivyo nirudishe muhuri. Muhuri wangu! Bila muhuri nani ataniita Katibu Zamoyoni?

Jumanne, 6 Machi
Nimeanza na Bujiku wa juu, mdaiwa sugu. Kanipa maziwa ya mgando, kisha kaniuliza mimi mwenyewe nimetoa lini. Nikamwambia tusichanganye mambo. Maziwa yalikuwa mazuri.

Jumatano, 7 Machi
Nimepata dawa! Bujiku Msukuma, mimi Mzaramo: watani. Mtani akibeba kitu chako hununi, unakikomboa. Alfajiri nimebeba baiskeli yake, nikaifungia jikoni. Mke wangu Mwasiti kasema nitajuta. Wanawake bwana!

Alhamisi, 8 Machi
Bujiku kaja anacheka hadi machozi, kakomboa kwa jogoo. Nikasema nataka pesa ya choo. Majirani wakanizomea: tangu lini utani ukalipa deni? Jogoo tumemla. Mgumu!

Ijumaa, 9 Machi
Balaa! Narudi kutoka msikitini, muhuri haupo mezani. Bujiku kaubeba mchana kweupe, na Mwasiti ndiye aliyemfungulia mlango! Nimekimbilia kwa Mama Mageni kushtaki. Naye kacheka. Eti utani ni utani, nikakomboe. Bujiku anataka nini? Nilipe mchango wangu wa miezi saba! Nimekataa. Mtu una heshima yako.

Jumapili, 11 Machi
Aibu gani hii! Bujiku katoa mchango wake wa kwanza, kisha kapita mlango kwa mlango na muhuri wangu, anagonga stakabadhi. Wote wametoa. Eti walikuwa wanangoja katibu atangulie! Mkutano umempa ukatibu. Gari la kunyonya choo linakuja kesho. Mdaiwa kabaki mmoja, na jina lake limesomwa kwa sauti, mara mbili.

Sijali. Kosa langu lilikuwa dogo tu: baiskeli haina uzito kwake. Redio ya Bujiku naiona pale dirishani. Kesho alfajiri naibeba, atautema muhuri mwenyewe.

Mwasiti anauliza tunaweza kupata wapi mnyororo wa kufungia kitanda chetu kabla Bujiku hajaja tena. Simwelewi kabisa huyu mwanamke.