Kiti cha Bodi Nilichokikataa kwa Adabu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Chuo kinataka kufuta masomo ya jioni! Mkwe wangu Nazmin kaja na habari hiyo, koti hajavua. Kutwa anaogesha wazee wa watu, jioni anapanda basi la Don Mills kwenda kusomea uuguzi, mimi nabaki na mtoto wake. Kabakiza mwaka tu. Masomo yakihamia mchana, aache kazi ama aache chuo. Na kazi haiachiki.

Nimeuliza mwenye chuo ni nani, nikaseme naye. Eti hakina mwenyewe, kina bodi. Wajumbe wengine wanateuliwa na serikali, wengine bodi inajichagulia, na walimu, wafanyakazi na wanafunzi kila kundi linampigia kura wa kwake. Bodi ndiyo itakayokata shauri. Na kiti kimoja kiko wazi, aliyekikalia kahamia mji wa Calgary. Wanatafuta mtu anayeijua mitaa yetu.

Nani anaijua Flemingdon Park, mtaa wetu huu, kunishinda mimi? Nimemwambia Nazmin apeleke jina langu. Kanikumbusha kwamba niliishia darasa la nne. Nikamwambia darasa la nne la Tanga enzi zile si mchezo. Kapeleka.

Jumatano, 8 Oktoba

Sughra naye kaomba! Sughra wa ghorofa ya juu yangu, anayejiona waziri kwa sababu yuko kamati ya kina mama kule senta ya Bathurst, msikitini kwetu. Kazi yake huko kugawa sahani. Kaja kuniambia mwenyewe, kajaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu.

"Zebunbai," kasema, "nasikia na wewe unajaribu bahati."

Bahati! Chai ya pili hakuiona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepanga mambo. Sambusa za nyama, trei nzima, nimezipeleka mwenyewe chuoni kwa kamati itakayotusaili. Mtu ataamuaje la maana na njaa? Katibu wa bodi, binti mwembamba anayeitwa Mélissa, kanishukuru, kainusa trei, kafumba macho, kisha kanirudishia. Eti hawaruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mwombaji. Nimewapa sambusa, sijawapa shamba!

Zimerudi bado zina moto. Dereva wa basi kala. Huyo hana kamati inayomkataza.

Jumanne, 14 Oktoba

Usaili. Nimevaa abaya ya Idi. Watu watatu, wapole, maji mbele yao. Wakaniuliza habari za mtaa. Nikawamwagia: lifti mbovu, mabasi ya Eglinton, wanawake wanaotoka kazini giza limeshaingia. Kiingereza changu cha dukani kikateleza vizuri. Wanaandika, wanaitikia kwa vichwa. Nikajua kiti ni changu. Mwisho bwana mkubwa wao akauliza: nikichaguliwa, nitakubali?

Sasa, mtu aliyelelewa hajibu ndiyo. Kwetu ukiitwa kwenye kamati, unakataa. Unasema mimi siwezi, mpeni anayefaa. Wanakusihi. Unakataa tena. Wanakusihi zaidi, wakubwa wanaingilia kati, ndipo unakubali kwa heshima yao. Anayesema ndiyo papo hapo, watu wanajiuliza anataka kuiba nini.

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Mimi mzee, sina elimu. Mpeni mwenye kufaa."

"Tunashukuru sana kwa kutuambia ukweli," akasema. Akaandika. Wakasimama.

Nikatembea polepole mpaka mlangoni ili wapate nafasi ya kunisihi. Akaja mbio. Kumbe anakuja kunifungulia mlango.

Watu hawana malezi kabisa.

Nimemsimulia Nazmin. Kaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sughra kapata. Walipomuuliza kama atakubali, alisema ndiyo. Mara ya kwanza! Bila haya!

Nimepanda kwake. Sikwenda kuomba, nimekwenda kumkaripia. Nimemwambia: mwanamke anayetoka kuogesha wazee giza likiingia, hayo masomo ya mchana atayasoma saa ngapi? Nikamwambia ni Nazmin huyu, aliyekuletea supu ulipoumwa. Sughra kasema mambo ya bodi hawezi kuzungumza na mimi. Meza yake imejaa makaratasi ya kikao mpaka hana pa kuweka kikombe.

Nimeteremka kwa ngazi. Lifti mbovu.

Jumatano, 22 Oktoba

Kikao cha bodi kiko wazi kwa watu wote, ila wageni mnakaa nyuma na midomo mmefunga. Kwangu hiyo ni adhabu. Mkuu wa chuo akaeleza: wanafunzi wa jioni ni wachache, bora wahamie mchana. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nazmin akaanza kukunja skafu yake, anaikunja, anaikunjua.

Sughra akanyoosha mkono. Macho mekundu kwa kusoma.

"Mwanamke anayetoka kuogesha wazee giza likiingia," akasema, "hayo masomo ya mchana atayasoma saa ngapi?"

Maneno yangu! Neno kwa neno, na shukrani hakutoa!

Wakapiga kura. Mkono ukapanda, mwingine, mwingine. Masomo ya jioni yamebaki. Nazmin kanibana vidole mpaka pete ikaniuma, nami nikamwachia abane. Tangu wiki ile ya usaili ndiyo leo nimevuta pumzi ikafika chini.

Kisha wakatutoa nje, wajadili ya siri. Nimemsubiri Sughra nimuulize wamesema nini.

"Siruhusiwi kusema, Zebunbai."

Sughra huyu! Aliyetangaza senta nzima kwamba meno ya marehemu mume wangu yalikuwa ya bandia! Sasa atayajua mambo ya watu na hawezi kuyatoa, kila mwezi makaratasi, malipo hakuna. Nikamtazama alivyovimba kwa maneno. Alhamdulillahi. Ningekuwa mimi, ningepasuka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kapiga simu Tharcisse, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji wa jengo letu, Mrundi mmoja mpole. Wanataka mtu mkali wa kuwasemea kuhusu lifti. Je, nitakubali?

Moyo uliruka! Lakini adabu ni adabu. Nikasema, "Mimi tena, mwanangu? Siwezi. Mpe mwingine."

Kasema pole kwa usumbufu, bibi, jioni njema. Kakata.

Si kitu. Huyu si kama wale wa chuo, huyu ni wa kwetu, kalelewa. Atapiga tena kunisihi. Simu nimeiweka mapajani, na nyama ya sambusa nimeshaitoa kwenye barafu.