Majivu ya Paini kwa Kwaya ya Mafinga

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya kukata masikio. Nusu ya kwaya ina mafua, na Jumamosi tunashindana Mbeya! Mwalimu wa kwaya ni Sedekia, fundi cherehani. Mwaka wa kumi na moja huu hataki kuachia kiti. Lakini nimeona video kwenye simu: virusi haviishi kwenye mwili wenye alkali. Basi! Naiponya kwaya, ualimu unakuja kwangu.

Jumanne, 10 Juni
Nimepiga marufuku nyama, soda na pombe ya ulanzi. Nimepeleka mazoezini ndoo ya maji ya majivu ya paini, kutoka kiwanda cha mbao ninapofanya kazi. Bibi yangu alipikia mboga maji ya majivu, nani atabisha? Sedekia kabisha. Eti bibi alitia kijiko, si ndoo. Wivu mtupu. Kila mtu kanywa kikombe. Mimi vitatu.

Jumatano, 11 Juni
Waimbaji wa besi wote chooni. Choo cha kanisa kina tundu moja. Mchungaji kauliza nani kaleta ndoo. Wakaninyooshea vidole, hata Devota, mke wangu niliyemtolea ng'ombe watatu! Nimewaeleza ni asidi inatoka. Hakuna aliyeshukuru.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemfumania Devota nyuma ya jiko anakula kitimoto, nyama ya nguruwe. Kimetoka kwa Sedekia! Nimemwambia anakaribisha virusi. Kanijibu: baba Ombeni, virusi vina adabu kuliko wewe. Nimenuna kutwa nzima. Hakugundua.

Ijumaa, 13 Juni
Homa. Kichwa. Makamasi. Mimi, mwenye alkali kuliko watu wote wa wilaya ya Mufindi! Basi la kwaya limeondoka bila mimi. Devota kaniambia nibaki na ndoo yangu. Nimelia. Miaka tisa natamani kuimba Mbeya.

Jumapili, 15 Juni
Wamerudi na kombe. Nafasi yangu kaiimba Sedekia mwenyewe, mla kitimoto, hana hata chafya. Roho imeniuma! Kisha kaja na supu ya kuku yenye limau, kakaa mpaka nikamaliza bakuli. Eti kwaya inanisubiri. Devota kataka nimshukuru. Nikageukia ukutani.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepona! Devota anasema ni supu. Supu! Ni majivu, yalihitaji siku sita tu. Kosa lilikuwa paini. Kesho nachoma mkaratusi. Ndoo ya kwanza nampelekea Sedekia, ndiyo shukrani yake.