Chapati Zenu Rahisi Zimenitoa Jikoni

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mapishi,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu anayetulisha sote, tujuao kupika na wasiojua. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na sijawahi kulalamika, hata pale utabiri wenu wa hali ya hewa uliponiloweshea mashuka kwenye kamba. Lakini safari hii, ndugu yangu, maji yamezidi unga.

Mwezi uliopita mlichapisha “Chapati za Maji za Nyama: Rahisi, Hata Wewe Unaweza.” Huyo “hata wewe” mlimkusudia nani? Maana aliyesoma ni mume wangu, mwalimu wa udereva aliyestaafu, naye akaamini kaitwa yeye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jikoni ndiko kulikuwa kwangu. Sebule ni ya wageni, chumba cha kulala ni cha anayekoroma, lakini jikoni nilikalia kigoda changu, mlango nimeurudishia, nikamwimbia Mungu wangu kwa raha zangu. Hakuna aliyeingia, waliogopa kupewa vitunguu wamenye. Sasa kigoda kina mwenyewe.

2. Mliandika nyama ya kusaga ikaangwe na kitunguu mpaka ikauke, ipangwe juu ya chapati, ikunjwe, iliwe. Basi! Nani ataosha kikaango, mabakuli na ukuta, hamkuandika.

3. Hata akiniachia kikaango haniachi mimi. Anaketi kushoto kwangu kama yumo garini na mwanafunzi. Nikimimina rojo, ananiambia taratibu mama, hatukimbizwi. Nikitaka kugeuza, ananiuliza, umetazama nyuma? Nikikawia kidogo anakanyaga breki sakafuni mpaka vikombe vinalia kabatini. Mimi niliyempikia tangu hajaota kitambi!

4. Mama mkwe kaonja moja, akafuta mdomo, akasema kumbe mwanawe alikuwa na kipaji, alicheleweshwa tu. Aliyemchelewesha hakumtaja. Alimtazama.

5. Kina mama wa kikundi cha sala walikuja kuniombea katika jaribu hili. Wakala zote. Juma lililofuata wakarudi na vikaango vyao, wakapanga foleni uani, naye mume wangu akawapima mmoja mmoja. Wawili wamefeli. Mmoja ni mwenyekiti wetu, na tangu hapo hanisalimii. Wa pili ni mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchapishe masahihisho: kwamba chapati hizi ni ngumu mno, zinataka mkono wa kuzaliwa nao, na mwanaume yeyote mwenye leseni ya udereva asizisogelee. Hilo likishindikana, andikeni kwamba daktari amekataza. Daktari gani, msiseme. Mkitaka ushahidi karibuni nyumbani mtazame dari. Chapati iliyonata pale juu ya jiko aliirusha kufuata picha yenu, na mpaka leo haijashuka.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi wa getini. Yule aliyechora kikaango kinachong'aa mwambie namwombea, siku moja naye aoshe kimoja.

Ni mimi msomaji wenu mliyemnyang'anya kigoda,

Mama Asiye na Jiko

N.B. Kabla sijafunga bahasha mume wangu kaniletea sahani ya chapati, kaifunika na nyingine zisipoe. Mbili nzima, kitunguu kingi kama nipendavyo. Zilizochanika kala yeye, amesimama, akinieleza kwa kirefu zilivyochanika. Nami nikakumbuka kwamba tangu astaafu alikuwa akishinda mlangoni anatazama magari yakipita, asubuhi hadi jioni, bila neno. Mimi huku nyuma nilikuwa namlilia Mungu kila siku amrudishie la kusema. Kumbe nilisahau kumtajia Mungu chumba. Basi barua hii msiichapishe. Chapisheni mapishi ya supu, na neno “rahisi” mliweke kwa herufi kubwa, maana miwani yake imejaa mafuta.